Kabla Hujamnunulia Mama Vidonge vya Viungo

Mama yangu alikiri kwamba goti lina shida siku aliposhindwa kuinuka kwenye mbuzi. Alikuwa amemaliza kukuna nazi ya pili, akaweka kifuu pembeni, akajaribu kusimama, akarudi chini. Akajaribu tena kwa kushika fremu ya mlango wa jiko. Mimi nilikuwa uani naanua nguo, nikamsikia akisema "Ya Rabbi" kwa sauti ya chini, ile mtu anayoitoa asitake kusikiwa. Alikuwa na miaka 66. Kumbe jambo lenyewe alikuwa amelificha karibu mwaka mzima.

Mimi nauza dawa. Nimesomea ufundi sanifu wa dawa na nimesimama nyuma ya kaunta hapa Ngamiani, Tanga, miaka 14. Jioni ile ile nikafanya wanachofanya wateja wangu wengi: nilirudi nyumbani na chupa ya vidonge vya viungo, vile vya glukosamini na kondroitini, vidonge 60, shilingi 65,000. Ikaisha, nikaleta nyingine, na nyingine tena. Hakuna aliyepima chochote. Nikimuuliza, "Mama, vipi goti?" ananijibu, "Alhamdulillahi." Jibu hilo mama hulitoa hata akiwa na homa inayomtetemesha.

Naandika haya kwa yeyote mwenye mzazi anayeshika ukuta akiinuka. Swali ninaloulizwa sana kaunta ni kama vidonge vya viungo, wengine wanaviita saplimenti au virutubisho, vinaondoa maumivu kweli. Kwa nilivyosoma na nilivyoona, watu wengi wanaovimeza hawapati nafuu kubwa kuliko ile ambayo wangeipata kwa kumeza kidonge kisicho na kitu ndani. Wapo wachache ambao huenda vinawafaa. Ukitaka kujua kama mzazi wako ni mmoja wao, iko njia ya kujua kwa miezi michache, na haihitaji mashine yoyote. Nitaieleza. Lakini kuna mambo yanayotangulia.

Jua kwanza ni ugonjwa gani

Sisi kila maumivu ya viungo tunayaita baridi yabisi, tukalaumu sakafu ya saruji na maji ya asubuhi. Chini ya jina hilo moja yamejificha magonjwa manne au matano tofauti, na chupa ya glukosamini haihusiki kabisa na mengi kati ya hayo.

Ugonjwa uliompata mama ndio wa kawaida zaidi kwa watu wazima: gegedu, ile nyama ngumu yenye uso laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, inakwanguka, mfupa ulio chini yake unakakamaa na kuota vinundu, na kiungo kinavimba mara kwa mara. Maumivu huongezeka ukitumia kiungo na hupungua ukipumzika. Asubuhi goti hukaza, lakini ukitembea kidogo, kama nusu saa hivi, linalegea. Wauzaji wengi husema "ute umekauka" au "mafuta ya goti yamekwisha", halafu wanakuuzia cha kuongeza ute. Maneno hayo yanaeleweka haraka, ndiyo maana yanauza, ila goti si injini ya pikipiki inayomwagiwa oili kupitia mdomoni.

Kama asubuhi viungo vinakaza zaidi ya saa nzima, vidole vya mikono yote miwili vimevimba na mwili umechoka, hiyo inaweza kuwa baridi yabisi halisi, ambapo kinga ya mwili inashambulia viungo vyenyewe. Huo una dawa zake, methotreksati kwa mfano, na kila mwezi unaopita bila dawa unaharibu viungo ambavyo havitarudi. Nimewahi kuona mwalimu aliyekunywa virutubisho karibu miaka miwili huku vidole vinapinda. Hakuna kitu katika kazi hii kinachoniuma kama kile.

Kama kidole gumba cha mguu kinawaka moto usiku wa manane hata shuka likigusa unapiga kelele, fikiria jongo. Kama maumivu yalianza na homa kali na vipele, inaweza kuwa chikungunya, ugonjwa wa mbu ambao jina lake ni la Kimakonde, kwa sababu ulitambuliwa huko kusini kwetu, uwanda wa Makonde, mwaka 1952. Viungo vinaweza kuuma miezi mingi baada ya homa kuisha. Na kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto, pamoja na homa, usipitie dukani kwangu wala kwa mwingine. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu usaha ndani ya kiungo unakimaliza kwa siku chache.

Mama alionwa na daktari, akapigwa eksirei, akapimwa damu na figo. Kipimo cha figo ukiombe mwenyewe kama hukupewa. Nitarudi huko.

Utafiti umeona nini

Glukosamini na kondroitini ni vitu ambavyo mwili unavyo tayari ndani ya gegedu. Wazo la kuvimeza ni kama la kumletea fundi matofali: ukiyaleta mengi, nyumba itarekebishwa. Ni wazo zuri, na halikupuuzwa. Serikali ya Marekani ililipia utafiti mkubwa ambao matokeo yake yalitoka mwaka 2006. Watu 1,583 wenye maumivu ya goti waligawanywa makundi matano kwa wiki 24: glukosamini miligramu 1,500 kwa siku, kondroitini 1,200, zote mbili pamoja, dawa ya maumivu iitwayo selekoksibu, na kidonge kitupu. Hakuna mgonjwa aliyejua anameza nini. Nafuu ilihesabiwa kama maumivu yamepungua kwa angalau asilimia 20.

Waliopata nafuu kwa vidonge viwili pamoja walikuwa karibu 67 katika kila 100. Inapendeza, mpaka usikie kwamba waliomeza kidonge kitupu walikuwa 60 katika 100. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba inaweza kuwa bahati tu. Selekoksibu ilifikisha 70.

Nataka ukae kidogo na ile 60, maana ndiyo inayoeleza kila ushuhuda unaousikia msikitini, kanisani na kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Maumivu ya goti hupanda na kushuka kama maji ya bahari yetu. Kuna bamvua, maji yanapojaa sana, na kuna maji mafu, yanapotulia. Mtu hanunui chupa ya elfu 65 siku ambayo goti limetulia. Anainunua siku ya bamvua, usiku ambao hakulala. Wiki tatu baadaye maji yanashuka, kama ambavyo yangeshuka tu, na sifa inakwenda kwa chupa. Ongeza na matumaini, na kule kujisikia kwamba mtoto wako amekujali, ambako kwenyewe kunapunguza maumivu kweli. Jirani anayekuambia "mimi zimenisaidia" hasemi uongo. Nafuu aliipata. Kitu ambacho hawezi kukijua ni ilitoka wapi.

Kwenye utafiti ule ule kulikuwa na kundi dogo la watu wenye maumivu makali zaidi, na hao walipopewa vyote viwili 79 katika 100 walipata nafuu, dhidi ya 54 kwa kidonge kitupu. Wauzaji wanaisoma sentensi hii na kuishia hapo. Watafiti wenyewe walisema kundi lilikuwa dogo na jambo linahitaji kuthibitishwa. Australia walijaribu kwa watu 605 kwa miaka 2, wakatoa majibu 2015: kwenye maumivu hakukuwa na tofauti, ingawa kwenye eksirei za waliomeza vyote viwili, nafasi kati ya mifupa ya goti haikupungua sana kama kwa wengine. Uhispania, mwaka 2017, utafiti wa watu 164 ulisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu waliomeza kidonge kitupu walikuwa wanaendelea vizuri zaidi.

Leo wataalamu wa viungo wa Marekani, katika mwongozo wao wa 2019, wanashauri kwa nguvu kutotumia glukosamini kwa goti na nyonga. Kondroitini wameikataa vivyo hivyo, isipokuwa kwa viungo vya vidole vya mikono, ambako wanasema unaweza kuijaribu. Lipo kundi la wataalamu wa Ulaya ambalo bado linaikubali aina moja ya glukosamini ya salfeti inayotolewa kwa cheti cha daktari. Kwa hiyo hawajakubaliana wote, na ukikutana na daktari anayeiandika usimdharau. Lakini mimi nikiweka yote mezani, na mama yangu amekaa mbele yangu, siwezi kumwambia mtu auze mbuzi wake kwa ajili ya chupa hiyo.

Dawa inayofanya kazi haraka mno

Mama mdogo wangu anaishi Muheza. Alinunua gulioni unga wa kahawia kwenye kifuko cha nailoni, kijiko kimoja asubuhi kwenye uji, "mizizi mitupu, haina kemikali". Siku ya tatu alikwenda shamba kwa miguu. Alipiga simu kwa mama akicheka, na mama akataka naye aletewe. Miezi miwili baadaye uso wa mama mdogo ulikuwa mviringo kama sahani, mashavu yamejaa, na watu wakawa wanamsifu: dawa imemkubali, amenona. Ngozi ya mikono ikawa inapata alama za kuvilia damu kwa kuguswa tu. Sukari, ambayo hakuwahi kuwa nayo, ilisoma 16.

Kisha unga ukaisha na muuzaji hakuonekana gulioni. Siku ya nne mama mdogo hakuweza kuinuka kitandani. Alitapika, presha ikashuka, tukamkimbiza hospitali. Daktari alimwangalia uso, akauliza jambo moja tu: "Bibi, kuna dawa ya viungo ulikuwa unatumia?" Alituelezea kwamba unga ule ulionyesha kila dalili ya kuchanganywa na steroidi. Mwili una tezi juu ya figo zinazotengeneza kitu hicho kwa kiasi chake. Ukimwagiwa kutoka nje kila siku, tezi zinalala, na ukikatiwa ghafla hazina nguvu ya kuamka. Alipewa vidonge vya steroidi, vikapunguzwa taratibu kwa wiki kadhaa.

Hili si la vifuko vya gulioni peke yake. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo juu ya virutubisho vya viungo vyenye jina la Artri King na Artri Ajo King, vinavyouzwa kwenye chupa nzuri yenye lebo na picha. Walipovipima walikuta diklofenaki, ambayo ni dawa ya maumivu, na deksamethasoni, ambayo ni steroidi, dawa mbili ambazo hazikuandikwa popote kwenye chupa.

Kwa hiyo hii ndiyo sheria ninayoishika kuliko zote. Kirutubisho halisi, kikisaidia, kinasaidia polepole, kwa wiki nyingi. Kikiondoa maumivu ya miaka mitano kwa siku tatu, kuna dawa ndani yake ambayo hujaambiwa. Na kama mzazi wako tayari anatumia kitu cha namna hiyo kwa wiki kadhaa, usimnyang'anye na kukitupa leo. Mpeleke hospitali akiwa nacho, na kifuko chenyewe au chupa mkononi, mueleze daktari kila kitu, ili aachishwe kwa utaratibu.

Ukiamua kujaribu

Wateja wangu wengine wakishasikia yote hayo bado wanataka kujaribu, na sioni kosa. Glukosamini yenyewe kwa watu wengi haina madhara makubwa zaidi ya tumbo kujaa gesi au kichefuchefu. Kinachohitajika ni kwamba ijaribiwe kama unavyomjaribu kijana wa kazi: ana siku yake ya kuanza, kazi unayoijua, na siku ya kuamua kama abaki.

Nunua daftari dogo la shule. Wiki 2 za kwanza usimpe kidonge chochote kipya. Andika tu hali ilivyo. Kila usiku, saa ile ile, mzazi apime maumivu ya siku nzima kuanzia 0 mpaka 10. Mama alikataa namba. Aliniambia maumivu hayahesabiki. Basi nikamwekea punje 10 za kunde kwenye kikombe cha kahawa na kisahani pembeni. Kila baada ya Isha anahamisha kwenye kisahani punje za maumivu ya siku hiyo. Siku ya kwanza alihamisha 4, akanitazama, akaongeza 2 taratibu, moja baada ya nyingine. Nilijua kwamba kwa mara ya kwanza ananiambia ukweli wa goti lake. Mimi nahesabu, naandika, narudisha punje kikombeni.

Pamoja na maumivu andika kazi moja ya mwili. Tulichotumia sisi ni kiti cha kawaida kisicho na mikono: mikono imekunjwa kifuani, anasimama na kukaa mara ngapi ndani ya sekunde 30. Mara moja kwa wiki inatosha. Mama alianza na mara 6. Andika pia idadi ya panadoli au dawa nyingine ya maumivu aliyomeza siku hiyo, maana kama vidonge vya maumivu vimeongezeka, nafuu unayoiona si ya kirutubisho.

Baada ya wiki hizo 2 anza, kipimo kile kilichofanyiwa utafiti: glukosamini miligramu 1,500 kwa siku, pamoja na chakula. Wiki 12, bila kubadilisha kitu kingine. Ukianzisha chupa, mazoezi, manjano na mafuta ya samaki siku moja, hutajua kamwe kipi kilifanya kazi, na utalipia vyote maisha yako yote. Kabla ya kuanza andika kwenye jalada la daftari: wastani ukishuka kwa alama 2 au zaidi tunaendelea, usiposhuka tunaacha. Liandikwe mapema, kwa kalamu, kwa sababu baada ya kutumia fedha moyo hutafuta sababu ya kuendelea.

Wiki 12 zikiisha, hata kama kuna nafuu, simamisha wiki 4 uangalie. Nafuu ikibaki bila kidonge, haikuwa ya kidonge.

Mama alianza na wastani wa punje 6. Wiki mbili za mwisho alikuwa kati ya 5 na 6. Wiki 4 za kuacha alikuwa 5. Tukafunga ukurasa. Hilo ni daftari la mama yangu tu. La mzazi wako huenda likasema vingine, na ndiyo sababu ya kuliandika.

Soma lebo kabla ya kulipa

Glukosamini nyingi hutengenezwa kwa maganda ya kamba na kaa. Mwenye mzio wa vyakula vya baharini asiguse mpaka aulize. Ipo inayotokana na mahindi, lakini lazima lebo iseme. Kondroitini hutoka kwenye gegedu za ng'ombe, nguruwe au papa, na ganda la kapsuli mara nyingi ni jelatini ya ng'ombe au nguruwe. Nina wateja waliokunywa mwaka mzima ndipo wakauliza. Kwa Muislamu hili ni swali la kuuliza kabla, na duka lisilojua jibu si duka la kukuuzia kitu hicho.

Anayetumia wafarini ya kuzuia damu kuganda asichanganye na glukosamini bila daktari wake kujua, maana inaweza kuifanya damu iwe nyepesi kupita kiasi. Mwenye kisukari apime sukari mara nyingi zaidi katika wiki za mwanzo.

Na tafuta kiasi kilichoandikwa kwa miligramu, kila kitu kilichomo na kipimo chake. Lebo inayosema "mchanganyiko maalumu wa vitu 12" bila vipimo, irudishe kwenye shelfu.

Manjano, ubani na makongoro

Manjano yana kitu kiitwacho kukumini. Hobart, Australia, watu 70 wenye goti lililovimba walipewa dondoo yake au kidonge kitupu kwa wiki 12, na waliopata manjano walipata nafuu kidogo zaidi ya maumivu, ingawa uvimbe kwenye picha haukubadilika. Dondoo hiyo ni nzito kuliko kijiko cha binzari kwenye mchuzi. Weka binzari kwenye mchuzi kwa sababu ni tamu. Vidonge vyake vizito vimewahi kuwadhuru watu ini, kwa hiyo mkojo ukiwa mweusi au macho ya njano, acha na uende hospitali.

Ubani nao unauzwa kwenye kapsuli siku hizi, na tafiti chache zimeonyesha nafuu ndogo. Huo ni wa mti wa India, tofauti na ubani wa Omani na Somalia tunaoutia kwenye chetezo. Usichukue wa chetezo ukasaga ukanywa.

Mafuta ya samaki yana msaada wa kiasi kwa baridi yabisi halisi, lakini kwa goti lililochakaa wataalamu hawayapendekezi. Supu ya makongoro ni chakula kizuri, ila kolajeni yake tumbo linaivunjavunja kama nyama nyingine, haitembei moja kwa moja mpaka gotini. Mwenye jongo awe mwangalifu na supu hiyo.

Elfu 65 ile ile

Baada ya kufunga ukurasa wa glukosamini, tulipeleka fedha ya chupa kwa mtaalamu wa fiziotherapi. Alimwona mama mara nne, akatuachia kazi ya nyumbani ambayo haina gharama.

Ya kwanza: kukaa kwenye kiti, kunyoosha mguu mmoja mbele mpaka ulingane na paja, kukaza msuli wa juu ya goti, kuhesabu hadi 5, kushusha taratibu. Mara 10 kila mguu, mizunguko mitatu. Ya pili ndiyo ile ile ya daftari, kusimama na kukaa, tukaanza na kiti kilichoinuliwa kwa mto, tukautoa mto wiki ya nne. Ya tatu ni kutembea. Mama anatoka baada ya Alfajiri, jua halijawa kali, dakika 10 mwanzoni, sasa 30. Mtaalamu alimwambia kitu kilichomtuliza: maumivu kidogo wakati wa zoezi hayamaanishi goti linasagika. Yakirudi kawaida kufikia kesho yake, endelea. Yakizidi mpaka kesho, punguza idadi, usiache.

Wiki mbili za mwanzo punje zilipanda hadi 7. Nakuambia mapema kwa sababu wengi huacha hapo. Wiki ya nane zilikuwa 3 na 4, na kiti kilikuwa mara 10.

Uzito pia. Kila kilo moja unayopunguza inaliondolea goti mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua. Mama amepunguza kilo 5 kwa kuacha maandazi ya asubuhi na kupunguza ubwabwa wa usiku. Hiyo ni kilo 20 kila hatua anapokwenda sokoni.

Kwa siku za bamvua anapaka jeli ya diklofenaki kwenye goti, mara 3 au 4 kwa siku. Sehemu ndogo tu ndiyo inayoingia kwenye damu, kwa hiyo tumbo na figo hazipati shida kama kwa vidonge. Hapa ndipo kile kipimo cha figo kinapohusika. Vidonge vya maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na meloksikamu vinaweza kutoboa tumbo, kupandisha presha na kuumiza figo, hasa kwa mzee anayetumia dawa za presha. Watu wananunua kumi kumi bila cheti kama pipi. Mzee akija kwangu kuvitaka kwa wiki ya tatu mfululizo, namuamkia, namkalisha kwenye benchi, na simuuzii mpaka tuzungumze.

Fimbo ishikwe mkono wa upande usiouma. Goti la kulia likiuma, fimbo mkono wa kushoto, urefu mpaka kwenye kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia, mkono ukiwa umening'inia. Wengi wanashika upande wenye ugonjwa na wanaegemea pale pale panapouma.

Na mbuzi tumeistaafisha. Nazi zinakunwa kwa mashine sokoni. Kuswali kwenye kiti kulimchukua muda mrefu zaidi kukubali. Aliona kama anapunguza haki ya swala. Alikuwa ustadhi wa madrasa ya jirani aliyekaa naye barazani akamkumbusha kwamba Mtume alimruhusu asiyeweza kusimama aswali amekaa. Nilimnunulia kiti kipya cha plastiki cheupe kwa kazi hiyo tu, na hakuna anayeruhusiwa kukikalia.

Kwa mlio mbali

Kaka yangu yuko Muscat. Alipopata habari za goti alitaka kutuma chupa sita kwa mtu anayekuja. Nilimpigia picha daftari, kurasa zote, nikamtumia. Kisha nikamuorodheshea tulichokuwa tunakihitaji: mashine ya presha ya nyumbani, viatu vyenye soli laini, na fedha ya fundi kutujengea choo cha kukaa, kwa sababu kuchuchumaa ndiko kulikokuwa kunamtesa kuliko kitu kingine na asingemwambia mwanawe wa kiume hata iweje.

Fundi alimaliza kabla ya Ramadhani, akaweka na bomba la chuma ukutani la kushikilia. Mama alilijaribu mara tatu siku hiyo ya kwanza, mlango wazi, kanga kiunoni, ananionyesha anavyoinuka.